Sabuni Isiyotoa Povu: Mafuta ya Jikoni na Mifereji ya London

Tuanze na swali rahisi. Ukimaliza kukaanga, ukamwaga mafuta kwenye sinki, halafu ukayasindikiza na maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, yanaenda wapi?

Wengi watakujibu: yanayeyuka, yanaondoka. Ni kweli yanaondoka, lakini hayafiki mbali. Maji ya moto yakishapoa, mita chache tu baada ya ukuta wa nyumba yako, mafuta yanaganda tena, na sasa yameganda kwenye bomba la watu wote. Hapo bado hatujafika kwenye kemia yenyewe, ambayo ni mbaya zaidi. Tutaifikia. Kwanza twende London.

Septemba 2017, mafundi wa kampuni ya maji ya Thames Water walitangaza kwamba chini ya mtaa wa Whitechapel, mashariki mwa London, wamekuta bonge limeziba mfereji wa majitaka. Urefu wake mita 250, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira ukivipanga goli kwa goli. Uzito wake ulikadiriwa kuwa tani 130, sawa na malori kumi ya mchanga yenye tani kumi na tatu kila moja. Lilikuwa gumu kama zege. Watu walishuka na mabomba ya maji yenye mgandamizo mkubwa na makoleo, wakalimega kidogo kidogo, na kazi ikachukua wiki tisa. Mabonge ya aina hiyo Waingereza wanayaita fatberg, jina lililotokana na ile milima ya barafu inayoelea baharini, ila hii ni ya mafuta. Neno lilishika sana baada ya 2013, pale bonge la tani 15 lilipogunduliwa Kingston, kusini-magharibi mwa jiji hilohilo, baada ya wakazi kulalamika kwamba vyoo vyao haviteremshi maji. Mfereji ule ulikuwa umebaki na asilimia 5 tu ya nafasi yake.

Sasa, mifereji ya London si ya jana. Majira ya joto ya 1858 mto Thames ulinuka kiasi kwamba wabunge walishindwa kukaa ukumbini, maana jengo la Bunge liko mtoni kabisa. Kipindupindu kilikuwa kimeshaua maelfu kwa maelfu katika miaka iliyotangulia. Pesa zilizokuwa hazipatikani miaka yote zikapatikana ndani ya wiki chache (wanasiasa ni walewale popote, harufu ikiingia ofisini kwao mambo yanakwenda haraka). Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikuu ya kukatiza majitaka kabla hayajafika mtoni, jumla ya kilomita 132 hivi, kwa matofali zaidi ya milioni 300. Na alifanya jambo moja ambalo wakati ule lilikuwa na wapinzani: alitumia saruji ya Portland kwa wingi, akawa anaipima kila shehena kabla ya kuipokea. Ishike hiyo saruji kichwani. Tutaihitaji.

Swali la mwanahistoria linakuja hapa. Mifereji hii imekaa miaka mia moja na hamsini. Watu wa London walikuwa wakila nyama na mafuta toka zamani. Kwa nini mabonge haya yasumbue sana karne ya 21 kuliko wakati wa Bazalgette?

Jibu langu ni moja, nitalitetea: zamani mafuta yalikuwa pesa. Mwandishi Henry Mayhew, aliyezunguka London katikati ya karne ya 19 akiandika maisha ya watu wa kazi za mitaani, anatuelezea wanunuzi waliopita nyumba kwa nyumba kununua mafuta yaliyobaki jikoni. Wapishi na watumishi waliwauzia. Yaliyo safi yaliuzwa tena kwa maskini wayapake kwenye mkate badala ya siagi. Mengine yalienda kwenye biashara za sabuni na mishumaa. Mabwana wa nyumba walilalamika kwamba biashara hiyo inawafundisha watumishi wizi, na pengine walikuwa na haki, lakini tazama matokeo yake: nani angemwaga shimoni kitu ambacho mtu yuko mlangoni anakupa hela kwa ajili yake?

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeonyesha mafuta ni nini hasa, katika kitabu chake cha 1823. Mafuta si kitu kimoja. Ni gliserini iliyoshikamana na asidi za mafuta. Ukiyapika na kitu kikali kama magadi au maji ya majivu, kifungo kinakatika: gliserini inatoka pembeni, asidi zinaungana na sodiamu au potasiamu, na hiyo ndiyo sabuni. (Chevreul aliishi miaka 102, mafuta hayakumdhuru.) Baada ya hapo viwanda vikawa na njaa ya mafuta isiyoshiba. Njaa hiyo ilifika hadi Afrika: mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alisaini mkataba na Ubelgiji uliompa maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo. Mji ukaitwa kwa jina lake, Leverville, leo unaitwa Lusanga, na watu walilazimishwa kupanda michikichi na kukata ngazi zake ili sabuni iuzwe Ulaya. Huwezi kusimulia historia ya mafuta bila kusema nani aliyachuma.

Mtego wa mafuta, kile chombo ambacho leo miji mingi inataka majiko ya biashara yawe nacho, nao ulizaliwa katika zama hizo. Hataza ya kwanza inayotajwa kwa kawaida ni ya Nathaniel Whiting wa California, mwaka 1884. Na wazo lenyewe halijabadilika tangu hapo, kwa sababu halina ujanja wowote. Maji machafu yanaingia kwenye kisanduku, yanakuta kizuizi, yanatulia. Yakitulia yanapoa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yanapanda juu. Makombo ni mazito, yanazama chini. Maji ya katikati yanatoka kwa bomba lenye mdomo chini ya utando wa mafuta. Hakuna umeme, hakuna dawa. Kinachohitajika ni muda na ubaridi, na mtu wa kufungua mfuniko na kuchota.

Hilo la mwisho ndilo linalofia njiani siku zote. Lakini wakati wa vita watu walichota vizuri tu! Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza lilikusanya mafuta ya majiko ya kambi ili itolewe gliserini ya kutengenezea baruti. Mwaka 1942 Marekani ikafanya hivyohivyo kwa nchi nzima: akina mama walipeleka makopo ya mafuta yaliyokaangiwa kwa muuza nyama, na Disney ikatengeneza katuni ambamo Minnie Mouse anafundishwa asimpe mbwa Pluto mafuta ya kikaango, maana yanahitajika vitani.

Vita vikaisha. Mafuta ya mimea yakawa rahisi, sabuni za unga na za maji zilizotengenezwa kwa petroli zikachukua soko la sabuni ya mafuta, na migahawa ya vyakula vya kukaanga ikaongezeka kila kona. Mnunuzi wa mlangoni hakurudi. Mafuta yakageuka kuwa taka, na taka inafuata njia fupi kuliko zote: sinki. Tena hizo sabuni mpya zikaleta shida ya pili. Zinayavunja mafuta kuwa matone madogo sana, yanapita ndani ya mtego bila kupanda juu, halafu yanaungana tena mbele ya safari.

Haya, kemia sasa. Kwa muda mrefu mafundi walidhani bonge ni mafuta yaliyoganda tu, kama samli kwenye kopo. Lakini samli haiwi ngumu kama zege. Mwaka 2011 Joel Ducoste na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, walichapisha ushahidi kwamba mabonge haya kwa sehemu kubwa ni sabuni. Ndiyo, sabuni! Ukikaanga chipsi, joto pamoja na maji yaliyomo kwenye viazi vinaanza kukata kile kifungo cha Chevreul, na asidi za mafuta zinabaki huru. Zikifika mferejini zinakutana na kalsiamu, na kalsiamu ikishikana na asidi hizo inatoa sabuni isiyoyeyuka kwenye maji. Kama umewahi kuoga kwa maji ya kisima cha pwani, kwenye mwamba wa matumbawe, unaijua tayari: sabuni inagoma kutoa povu, inaacha utando mweupe kwenye beseni. Ule utando na bonge la Whitechapel ni ndugu wa damu.

Kalsiamu inatoka wapi? Kwanza kwenye maji yenyewe, na maji ya London ni magumu kwa sababu yanapita kwenye mawe ya chokaa. Pili, kwenye saruji. Bakteria wa mferejini wanatoa gesi ile inayonuka kama yai viza, bakteria wengine wanaigeuza kuwa asidi ya salfa ukutani, asidi inaila saruji, kalsiamu inaachiliwa. Mfereji unatoa sehemu ya malighafi ya kujizibia wenyewe. Bazalgette, na saruji yake aliyoipima kwa uangalifu wote ule, asingeweza kulijua hilo.

Kipande cha bonge la Whitechapel kilipochunguzwa, asidi iliyoongoza ilikuwa ya palmitiki. Asidi hiyo ilipewa jina kutokana na mawese. Sisemi kwamba bonge lile lilitoka kwenye mawese, maana asidi hiyo iko kwenye mafuta mengi na bakteria wanaweza kugeuza nyingine kuwa hiyo. Ila jina linachekesha ukikumbuka Lusanga.

Je, sheria ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Sheria ya maji ya Uingereza ya 1991, kifungu cha 111, inakataza kuingiza mferejini kitu kinachoweza kuuharibu au kuzuia maji. Mwongozo wa ujenzi wa 2002 unataka majiko ya biashara ya chakula cha moto yawekewe mtego. Ubaya wake ni huu: ili umshtaki mwenye mgahawa chini ya kifungu kile, inabidi uonyeshe mafuta yale ni yake, na chini ya mtaa mmoja kuna majiko arobaini yanayomwaga bomba moja. Mwenye duka la kuku ana jibu tayari: kwa nini mimi? Na mtego unakula nafasi na pesa za mtu ambaye faida yake ni ndogo, wakati hasara ya kutokuwa nao inalipwa na jirani ambaye majitaka yamempandia sebuleni. Wanauchumi wana maneno yao ya hili. Mimi naliita kumtupia mwenzio takataka usiku.

Dublin walikwenda njia nyingine. Kuanzia 2008 halmashauri ya jiji iliwataka wenye biashara za chakula wawe na leseni ya kumwaga majitaka, walipe ada ya mwaka, na wakaguzi wawatembelee. Tofauti inaonekana ndogo lakini ni kubwa: hapa hungoji bonge ndipo utafute mwenyewe, unakagua mtego. Kuziba kwa mifereji kulikotokana na mafuta kukapungua sana. Marekani nako miji mingi inatumia ukaguzi wa aina hiyo, na sababu ipo: ripoti ya shirika lao la mazingira kwa Bunge, ya 2004, ilihesabu kwamba asilimia 47 ya kuziba kulikoripotiwa kulitokana na mafuta.

Tuwe wa haki kwa wenye migahawa, lakini. Mwishoni mwa 2017 uchunguzi wa makampuni ya maji ya Uingereza uliopekua vitu vilivyoziba mifereji na pampu ulikuta kwamba takriban asilimia 93 ni vile vitambaa laini vya kufutia watoto, vilivyotupwa chooni. Mafuta yalikuwa kidogo mno. Takwimu hizi mbili hazipigani sana kama zinavyoonekana: vitambaa ndivyo nondo, sabuni ya kalsiamu ndiyo zege. Bonge gumu linahitaji vyote viwili, na kimoja kinatoka nyumbani kwako.

Kuhusu pesa, mzunguko unakaribia kurudi pale alipouacha Mayhew. Mafuta yaliyotumika sasa yananunuliwa kutengenezea dizeli, na hata sehemu ya bonge la Whitechapel iligeuzwa hivyo. Migahawa mingi leo inauza mafuta ya kikaango. Yanayobaki kwenda kwenye bomba ni yale ya kwenye sahani na masufuria, ambayo hakuna anayeyanunua.

Na huku kwetu? Sehemu kubwa ya nyumba za Dar es Salaam hazijaunganishwa na bomba la majitaka, zinatumia karo. Kwenye karo mafuta yanafanya kazi ileile polepole: yanaelea juu kama ukoko, yakizidi yanavuka kwenda kwenye shimo la kunywea na kuziba udongo, halafu utaita gari la kunyonya kila baada ya wiki chache ukidhani shimo lilichimbwa vibaya. Ukiwa na mgahawa au kibanda cha chipsi chenye sinki, pangusa sahani na sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha. Na kama una mtego, kipimo kinachotumika miji mingi ni cha robo: zamisha fimbo hadi chini, itoe, angalia. Mafuta ya juu na tope la chini yakifika jumla robo ya kina, siku ya kuchota ni leo.