Mzunguko wa kutua na kupaa

Serikali huugawa moshi wa ndege kwa kimo. Kaboni dioksidi huhesabiwa safari nzima, maana huongeza joto la dunia popote itokapo. Gesi na masizi yanayodhuru mapafu, kwa upande wake, huhesabiwa hasa chini ya futi 3,000, kama mita 915 hivi, kwa kuwa hewa ya kimo hicho huchukuliwa kuwa inachanganyika na ile tunayoivuta huku chini. Kipande hicho cha safari ndicho ninachokiita kwa Kiswahili mzunguko wa kutua na kupaa. Sikusema "kuruka" kwa sababu ndege huruka pia ikiwa katikati ya bahari, na istilahi hii imekusudiwa kuiacha nje sehemu hiyo.

Kipimo chake kimo katika juzuu ya pili ya Kiambatisho cha 16 cha Mkataba wa Chicago, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Injini hufungwa kwenye jukwaa la majaribio ikaendeshwa kwa nguvu za aina nne: asilimia 100 kwa dakika 0.7 kama inayopaa, asilimia 85 kwa dakika 2.2 kama inayopanda, asilimia 30 kwa dakika 4 kama inayokaribia kutua, kisha asilimia 7 kwa dakika 26 kama ndege inayotembea ardhini au kusubiri zamu yake.

Hizo dakika 26 ndizo zinazonishughulisha. Jumla ni dakika 32.9, kwa hiyo karibu dakika nne katika kila tano ndege iko chini, na jina halisemi lolote juu ya hilo. Injini inayonguruma polepole haichomi mafuta yote. Hutoa kaboni monoksidi na hidrokaboni ambazo hazijaungua. Wapakia mizigo na waongoza ndege kwenye maegesho wanafanya kazi katika hewa hiyo. Injini ikifunguliwa nguvu zote, joto lake huunganisha nitrojeni na oksijeni za hewani, na hapo ndipo oksidi za nitrojeni huzidi.

Takwimu hizi zina uzito wa fedha. Mwaka 1997 uwanja wa Zurich, Uswisi, ulianza kutoza ndege ada ya kutua kulingana na uchafu wa injini zake, na wenye injini chafu wakalipa zaidi. Naiona sera hiyo kuwa ya haki, kwani gharama inamrudia anayechafua.

Hata hivyo, hesabu ya jukwaani haioni kila kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta chembechembe laini mno, zenye kipenyo kisichofika mikromita 0.1, zikiongezeka hadi kilomita 16 upande unakoelekea upepo kutoka uwanja wa Los Angeles. Huko ni mbali sana na ua wa uwanja.

Mkazi wa mtaa ulio karibu na uwanja wa ndege, kama Kipawa au Embakasi, akipewa tathmini ya athari za mazingira ya uwanja jirani, aulize kwanza ni dakika zipi zilizotumika. Mwongozo wa ICAO wenyewe unataka muda halisi wa ndege kutembea ardhini katika uwanja husika utumike pale unapojulikana, badala ya zile 26 za jukwaani.