Steringi akifa, muvi inaendeleaje? Tunapima ubora na udhaifu wa Wakanda Forever

Kwenye vibanda umiza kuna sheria ambayo kila mtoto anaijua: steringi hafi. Filamu ya Black Panther: Wakanda Forever, iliyotoka Novemba 2022, inaivunja sheria hiyo dakika za mwanzo kabisa. Wasikilizaji wetu wengi wameiona, wengine kwa Kiingereza, wengine ikiwa imetafsiriwa na DJ, na ubishi haujaisha: je, imeifikia ile ya kwanza? Hapa tunaeleza ilikotoka, palipofaulu na palipopwaya. Kama hujaitazama, fahamu kwamba tunataja matukio makubwa, pamoja na mwisho.

Ilikotoka

Black Panther ya kwanza ilitoka mwaka 2018, mwongozaji akiwa Ryan Coogler. Wakanda ni nchi ya kubuni ya Kiafrika yenye madini adimu yaitwayo vibranium, na haijawahi kutawaliwa na mkoloni. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na kupata tuzo 3 za Oscar. Afrika Mashariki tulikuwa na sababu ya ziada ya kuitazama: Lupita Nyong'o, Mkenya, ndiye Nakia, na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, ndiye mlinzi Ayo. Wote wamo pia katika sehemu ya pili.

Tarehe 28 Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyeigiza Mfalme T'Challa, alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43. Coogler na wenzake wangeweza kumvika mwigizaji mwingine taji lile. Waliamua kumzika mfalme ndani ya hadithi.

Hadithi kwa ufupi

Baada ya T'Challa kufa, mataifa makubwa yanaitamani vibranium, na mamluki wanavamia kituo cha Wakanda nchini Mali. Kumbe madini hayo yapo pia chini ya bahari, katika ufalme wa Talokan unaoongozwa na Namor. Namor anataka auawe mwanafunzi wa Kimarekani, Riri Williams, aliyebuni mashine ya kuyatafuta. Wakanda inakataa, na vita vinaanza. Malkia Ramonda anafia kwenye maji, na bintiye Shuri anavaa vazi la Black Panther.

Palipofaulu

Kwanza ni msiba. Mazishi ya T'Challa yana mavazi meupe, ngoma na nyimbo, lakini yule dada yake hajaondoka msibani. Kila mtaa una mtu wa namna hiyo: matanga yameanuliwa, wageni wamerudi makwao, yeye bado ana donge kooni. Mama yake anamwomba achome nguo za msiba, anakataa. Anakuja kuzichoma mwishoni kabisa, akiwa peke yake ufukweni Haiti. Huo ndio uti wa mgongo wa filamu. Watanzania tuliompoteza Steven Kanumba tarehe 7 Aprili 2012 tunajua kwamba pengo la aina hiyo halizibwi kwa kuleta sura mpya.

Pili, adui ana hoja. Watu wa Namor ni Wamaya waliokimbilia majini karne ya 16 kwa sababu ya Wahispania na ndui. Mtu wa Ujiji, mji uliokuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa, haitaji kuelezwa kwa nini Namor hawaamini wageni. Wala wale wenye ndugu ng'ambo ya ziwa, mashariki mwa Kongo, hawahitaji kuelezwa madini yanavyoweza kuwaletea wenyeji mtutu wa bunduki.

Tatu, kazi za mikono na sura. Angela Bassett, aliyeigiza Ramonda, aliteuliwa kuwania Oscar ingawa hakuipata. Mbunifu wa mavazi Ruth E. Carter aliipata, na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Oscar mbili.

Palipopwaya

Filamu ina dakika 161, karibu nusu saa zaidi ya ile ya kwanza, na hazikutumika vizuri zote. Riri ni mcheshi, lakini ukimwondoa na kuacha mashine yake tu, hadithi inasimama. Anaonekana kama mtu anayetengenezewa njia ya kwenda kwingine, na kweli mwaka 2025 alipata tamthilia yake, Ironheart.

Vita vya mwisho navyo vina kasoro. Mvuvi yeyote wa Kibirizi angeuliza: adui anapata nguvu majini, mbona mnamfuata majini? Mpango wa Shuri wa kumnasa na kumkausha kama dagaa juani una akili, ila askari wengi wanatolewa kafara ili ufanikiwe.

Udhaifu mkubwa zaidi tunaouona ni huu: waliotamani vibranium wanaishia pembeni, huku mataifa mawili yaliyoogopa kuporwa yakichinjana. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Shuri anamwacha Namor hai na wanakubaliana amani, lakini kunguru hajaguswa.

Kabla hujatoa hukumu

Kama uliiona iliyotafsiriwa, kumbuka DJ huongeza utani na mara nyingine huruka maneno. Filamu yenyewe ina Kiingereza, Kixhosa, Kimaya na Kihispania, kwa hiyo kuna mengi ya kupotea njiani. Matukio ya chini ya maji yana giza. Ukiyatazama kwenye simu mchana utaona kivuli chako tu. Marekani waliiwekea tahadhari kwa watoto wa chini ya miaka 13, na kwa kifo cha malkia tunaona ni sawa.

Sehemu ya pili ya muvi yoyote ipime kwa maswali matatu. Je, imeongeza jambo ambalo ya kwanza haikusema? Adui wake ana sababu, au ni mbaya tu ili apigwe? Ukiondoa milipuko, hadithi inabaki?

Kwa maswali hayo, Wakanda Forever inafaulu mawili ya kwanza. La tatu inalifaulu kila inaporudi msibani, na inalikosa kila inapoukimbia. Kwetu sisi ya kwanza bado inaongoza kwa mpangilio. Hii ya pili inaongoza kwa uzito wa moyo.