"Si Ulijua Ni Hatari?"

Nilipomaliza Form Four nilienda mjengo kubeba zege, kama wasee wengi wa mtaa wetu. Siku moja ubao ulivunjika ghorofa ya pili. Jamaa tuliyekuwa tukipiga naye kazi akaanguka na mkono ukavunjika. Foreman hakushtuka hata kidogo. Alimwambia tu, "Si ulijua hizo mbao zimeoza? Na bado ukapanda." Ni kweli, alijua. Sote tulijua. Hakupewa hata nauli ya hospitali.

Nilidhani hayo ni maneno ya foreman mkorofi tu. Kumbe ni ya zamani kuliko Nairobi yenyewe.

Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1837 huko Uingereza, kijana aitwaye Priestley alikuwa ameajiriwa na muuza nyama. Gari la farasi likajazwa mzigo kupita kiasi, likavunjika, naye akavunjika paja. Akamshtaki boss. Jaji Lord Abinger akasema kijana angeweza kukataa, na kwamba pengine alijua hali ya hilo gari kuliko hata mwajiri. Kesi ikaanguka. Mabosi pia walikuwa na msemo wao wa Kilatini, volenti non fit injuria, yaani aliyekubali hajadhulumiwa. Fikiria kuambiwa hivyo ukiwa na mguu uliovunjika.

Halafu akaja Smith. Huyu alikuwa anatoboa mwamba mahali reli ilikuwa inajengwa. Kando yake kulikuwa na kreni inayoinua mawe, na mara nyingine mawe hayo yalipitishwa juu ya kichwa chake bila mtu kupiga kelele ya onyo. Alijua. Akiyaona yakija, alikuwa anasonga. Siku jiwe lilipoanguka alikuwa ameinamia kazi yake, hakuona kitu. Juri ikampa haki, Mahakama ya Rufaa ikamnyang'anya, na mwaka 1891 Malodi wakamrudishia. Walichosema ni rahisi lakini kizito: kujua kuna hatari si sawa na kukubali kuibeba. Lord Bramwell peke yake alikataa. Kwake, mkataba ni mkataba.

Sisemi mfanyakazi hushinda kila wakati. Miaka ya 1960 ndugu wawili, wa ukoo wa Shatwell, walipimia waya za baruti bila kujikinga ilhali mwajiri alikuwa amewakataza. Wakaumia. Aliyedai akanyimwa, na hapo mimi naelewa. Yule wa mjengo wetu hakukatazwa kupanda. Aliambiwa apande, asipopanda kuna kumi wanangoja kwa geti.

Sasa hapa kwetu. Sheria ya Kenya inasema mahakama zetu zitatumia kanuni za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, mradi zinafaa hali yetu. Piga hesabu: Smith alishinda miaka sita kabla ya hiyo tarehe. Na tangu 2007 tuna sheria ya usalama kazini inayosema ukiripoti hatari kubwa kwa msimamizi, huwezi kulazimishwa kurudi pale hadi irekebishwe. Mwaka huohuo ikapita nyingine ya fidia, inayomtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima.

Nimemtumia yule jamaa haya yote kwa WhatsApp. Akajibu usiku, kwa sababu mchana alikuwa mjengo mwingine: "Buda, na hiyo kuripoti, unaripoti kwa nani kama foreman ndiye amekutuma?"

Bado sijamjibu.