Chembe na Wano: Kiungo cha Mshale kama Ushahidi wa Historia na Sera ya Uwindaji Afrika Mashariki

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili wa Jabe, mjini Bujumbura, ana misamiati miwili ya silaha moja: Kirundi humpa umuheto na umwambi, Kiswahili humpa upinde na mshale. Silaha hiyo imo katika historia ya nchi yake, kwani watu wa Mwami Mwezi Gisabo waliwakabili Wajerumani kwa mikuki na mishale hadi Mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903. Hata hivyo, masimulizi ya vita mara nyingi humwacha nje fundi aliyeitengeneza. Makala haya yanadai kuwa mahali chembe kinapoungana na wano ni ushahidi wa kihistoria, na kwamba sera iliyoupuuza ushahidi huo ilipoteza elimu pamoja na watu wake.

Ufundi wa kuunga

Kuna njia kuu mbili. Katika ya kwanza, mkia wa chembe huingizwa kwenye tundu la ncha ya wano, kisha ncha hufungwa kwa ukano mbichi ambao hujikaza unapokauka na kuzuia mti usipasuke. Katika ya pili, chembe huwa na shimo. Ncha ya wano huchongwa ikachongoka, hupakwa utomvu uliopashwa moto, kisha huchomekwa. Ncha ikichongwa upande, chembe hukaa kombo na mshale hupotoka. Utomvu mtupu nao ukikauka huwa mwepesi kuvunjika, hivyo huhitaji kuchanganywa na unga wa kuushikamanisha. Maarifa hayo ni ya kale: katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, zana za mawe za takriban miaka 70,000 iliyopita zina mabaki ya utomvu wa mimea uliochanganywa na udongo mwekundu.

Kiungo kinachoachia

Si kila kiungo hukusudiwa kushika daima. Mshale wa sumu wa Wakamba huwa na kijiti kifupi kinachobeba chembe na kuchomekwa katika wano bila kukazwa sana. Mnyama akikimbia, wano huanguka, chembe hubaki mwilini pamoja na sumu. Sumu hiyo hupatikana kwa kuchemsha mti wa msungu hadi uwe mzito kama lami, na chembe huviringishwa ngozi laini ili sumu isikauke wala isimdhuru mwindaji. Kwa kuwa kinachobaki ni chembe, alama ya mwenye mshale huchorwa juu yake. Wawindaji wakigombania mnyama, alama huamua. Kwa hiyo kiungo kilikuwa pia sehemu ya sheria ya umiliki.

Sera na matokeo yake

Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 katika nchi ambayo Wawaata walikuwa wakiwinda tembo kwa pinde nzito na mishale ya sumu. Kampeni ya mwaka 1956 na 1957 iliwatia wengi wao gerezani, na mwindaji akawa jangili. Mradi wa Galana, ulioanza mwaka 1960, ulikusudia kuwapa uwindaji halali unaosimamiwa, lakini haukuwarudishia riziki yao ya zamani. Tembo walistahili ulinzi. Kosa lilikuwa kudhani kuwa ulinzi huo ulihitaji kumwondoa mjuzi wa pori.

Hitimisho

Maneno kama chembe, kigumba, wano, podo na upote yamo kamusini, lakini wanaoweza kuyaeleza kwa mikono yao wanapungua. Watunga sera hawalazimiki kuhalalisha sumu ili kuhifadhi ufundi huu. Wanachohitaji ni kuwashirikisha mafundi wazee katika makumbusho na idara za wanyamapori, na kurekodi istilahi zao katika Kirundi, Kikamba, Kiwaata na Kiswahili. Mshale uliowekwa kabatini bila maelezo ya kiungo chake ni mti na chuma tu.