Habari za Achari Tangu Zamani, na Vyakula vya Kufungwa Chupani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutolea katika ardhi kilicho kitamu na kilicho kikali. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wakubwa wa jumuiya yetu hapa Bujumbura waliponitaka niandike maneno kidogo katika kitabu hiki cha ukumbusho, nadhani walitazamia habari za msikiti au za madrasa. Hayo wamekwisha kuyaandika wenzangu, tena vizuri kuliko niwezavyo mimi. Mimi nimechagua habari za achari. Msomaji asicheke. Kina mama wa jumuiya yetu wameanza kutengeneza achari na kuzifunga chupani ili ziuzwe, na faida yake iisaidie madrasa. Kazi hiyo ina tarehe ndefu, ina hukumu zake katika sheria, na ndani yake mna jambo la uhai na mauti. Tena mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili, nami nitalitaja mahali pake.

Neno achari limetoka Uajemi, likapita Bara Hindi, likaenea katika bandari za Bahari ya Hindi. Tabibu mmoja Mreno, Garcia de Orta, aliyekaa Goa, alilitaja katika kitabu chake kilichopigwa chapa huko huko Goa mwaka 1563. Asema kuwa watu walihifadhi kwa chumvi tunda bichi la mti ulio wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho, wakaliita achari, nalo likiuzwa sokoni kama zeituni ziuzwavyo kwao. Walakini kitu chenyewe ni cha kale kuliko kitabu hicho. Mwaka 1226 Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, na humo ameeleza vitu vilivyotiwa sikini, kama nanaa na mabiringani. Waarabu huviita mukhallal, na neno hilo latokana na khall, yaani siki.

Ama sisi watu wa asili ya pwani, shahidi wetu ni Ibn Battuta, msafiri wa Tanja. Alifika Mogadishu mwaka 1331, akafikizwa katika nyumba ya wanafunzi wa elimu, akaletewa chakula kutoka kwa sultani. Ataja wali uliopikwa kwa samli na vitoweo vyake, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kisha ataja maziwa ya mgando, na pamoja nayo malimau yaliyohifadhiwa, na vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, na tangawizi mbichi, na maembe. Aeleza kuwa embe likiiva ni tamu, na kabla ya kuiva ni kali kama limau, na watu hulitia sikini likali bichi. Na kwamba mla wali kila atwaapo tonge hulifuatisha na kipande cha vitu hivyo. Alipoandika habari za Bara Hindi alieleza desturi iyo hiyo. Basi yapata miaka mia saba iliyopita, sahani ya mgeni katika mwambao wetu ilikuwa na achari pembeni, kama ilivyo katika harusi zetu hivi leo.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Pilipili ile ya vishada siyo hii nyekundu tuijuayo sisi. Pilipili nyekundu asili yake ni Amerika, nayo haikujulikana upande wetu wa dunia kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Aliyoila Ibn Battuta ni pilipili manga, ingali mbichi katika vishada vyake. Kwa hiyo achari zetu zimebadilika kwa kupokea vitu vigeni. Kitu ambacho hakikubadilika ni chumvi na ukali, na hapo ndipo ilipo siri yake.

Siki imetajwa kwa wema katika dini yetu. Jabir, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, amepokea kuwa Mtume alitaka kitoweo kwa watu wa nyumbani kwake, akaambiwa hapana ila siki. Akaiagiza, akawa akila na kuisifu. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Imamu Muslim. Lakini siki huzaliwa katika kilevi: utamu wa tunda hugeuka ulevi, na ulevi ukiachwa na hewa hugeuka siki. Kwa sababu hiyo wanavyuoni waliijadili. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mvinyo ukigeuka siki wenyewe ni tohara. Ukigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake, hautohariki. Imamu Abu Hanifa yeye aliruhusu kugeuza. Mwaka 1864 mtaalamu wa Kifaransa, Louis Pasteur, alieleza kuwa mgeuko huo hufanywa na vijidudu vilivyo hai. Wanavyuoni wetu hawakuviona vijidudu hivyo, lakini waliuona mgeuko, wakauwekea hukumu.

Sasa nieleze zilivyotengenezwa nyumbani kwetu. Shangazi yangu, aliyenilea, alizaliwa Ujiji, akaletwa huku kaskazini ya ziwa alipoolewa. Achari yake ya ndimu ilikuwa hivi. Alichagua ndimu zilizoiva, zisizo na doa. Akaziosha, akazifuta mpaka zikauka kabisa. Akazipasua mapande manne bila kuyatenganisha chini, akazijaza chumvi, akazipanga katika chupa ya mdomo mpana, akaifunika kitambaa. Kila siku chupa ilitolewa juani, na jioni ikatikiswa na kurudishwa ndani, mpaka maganda yakalainika na maji ya ndimu yakazifunika zote. Ndipo alipotia pilipili, haradali, bizari, na kitunguu saumu kilichopondwa katika siki. Kijiko chenye maji hakikuruhusiwa kuingia chupani, na mtoto aliyethubutu kuchovya kidole alikiona cha mtema kuni.

Achari ile haikufungwa kwa hewa kuzuiwa, wala haikuchemshwa. Ilikaa mwaka kwa sababu chumvi huyavuta maji katika tunda, na ukali huwazuia vijidudu wasikue. Kufunga chupa kwa moto ni elimu nyingine, iliyokuja baadaye sana. Mfaransa Nicolas Appert, mtengenezaji wa vitu vitamu, alianza majaribio yake kiasi cha mwaka 1795. Alitia vyakula katika chupa, akaziziba sana, akazichemsha ndani ya maji. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa faranga 12,000 kwa sharti aitoe elimu yake katika kitabu. Mwaka huo huo Peter Durand alipata hati ya ubunifu Uingereza kwa vyombo vya bati, na mwaka 1813 Bryan Donkin na John Hall walikuwa na kiwanda cha makopo huko Bermondsey, London. Kisha mwaka 1858 John Landis Mason wa Marekani alipata hati kwa chupa yenye mfuniko wa kuzungusha, na kazi hiyo ikaingia majikoni mwa watu. Ajabu ni kuwa Appert mwenyewe hakujua kwa nini chakula chake hakiozi. Pasteur alikuja kulieleza hilo zaidi ya miaka hamsini baadaye.

Hapa ndipo lilipo deni langu. Miaka ishirini na kitu iliyopita, ilipokuwa ikingojewa harusi ya nyumbani kwetu, jamaa mmoja alituletea zawadi ya chupa kumi na mbili za karoti na maharage machanga, alizozifunga mwenyewe kwa kuzichemsha katika maji, bila siki. Zilikuwa nzuri machoni, rangi zake zang'aa. Baada ya majuma machache mifuniko ya chupa mbili ikainuka. Shangazi akaita kijana achimbe shimo refu pembeni mwa ua, akazifukia zote kumi na mbili, hata zile kumi zilizokuwa hazina dalili yo yote, ili kuku wala watoto wasizifikie.

Mimi nikakasirika. Nikamwambia, “Shangazi, hii ni israfu. Mbili zimeharibika, kumi zina kosa gani?”

Akanijibu, “Mwanangu, hiki hakina siki. Kisicho na siki usikifunge.”

Nikamwuliza dalili yake. Hakuwa nayo, alisema ndivyo aonavyo. Nami, kwa ujana wa elimu yangu, katika darsa ya juma lile nikazungumza juu ya wanaotupa riziki ya Mungu, nikatoa mfano wa chupa. Sikumtaja jina, lakini nani katika mtaa hakujua? Yeye alikuwa ameketi upande wa wanawake, akasikiliza mpaka mwisho, akarudi nyumbani akanipakulia chakula kama kawaida.

Miaka ikapita, naye akafariki. Kisha siku moja muuguzi mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, alinieleza habari za kijiji cha Ellezelles, katika Ubelgiji. Mwezi wa Desemba 1895, wapiga muziki wa kijiji hicho walikula baada ya maziko nyama ya nguruwe iliyokuwa imehifadhiwa kwa chumvi. Wengi wakaugua: macho yakaona viwili viwili, ulimi ukawa mzito, koo likakataa kumeza, watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem wa Ghent akaichunguza nyama ile, akakipata kijidudu kinachotoa sumu hiyo, akaitangaza habari yake mwaka 1897. Kijidudu hicho hukaa udongoni duniani kote. Mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Tena hakipendi hewa: ukikifungia ndani ya chupa iliyozibwa, isiyo na ukali, umekijengea nyumba. Na sumu yake yaweza kuwamo chakula kisibadilike rangi, wala harufu, wala mfuniko usiinuke.

Niliposikia hayo nilizikumbuka zile chupa kumi. Sijui kama zilikuwa na sumu, wala hapana ajuaye. Lakini najua kuwa hoja yangu ilikuwa batili, na kauli ya shangazi ilikuwa sahihi: penye ukali wa kutosha kijidudu kile hakikui, na pasipo ukali kuziba chupa ni hatari. Wataalamu wana kipimo cha ukali kiitwacho pH, ambacho hushuka kadiri ukali unavyozidi. Mpaka wao ni 4.6: chakula kilicho juu ya hapo hakifai kufungwa kwa maji ya mchemko peke yake. Hicho chataka chungu cha mvuke wa nguvu, kinachofikia kiasi cha digrii 116 hadi 121, kama walivyothibitisha Prescott na Underwood wa Marekani katika miaka ya 1895 na 1896 kwamba mchemko wa kawaida hautoshi.

Basi nawausia kina mama wa jumuiya yetu mambo machache. Siki iwe ya asilimia 5, wala isipunguzwe kwa maji kuliko kipimo cha mapishi mliyofundishwa. Kitunguu saumu au pilipili mbichi visifungwe katika mafuta matupu, kwani mafuta hayana ukali. Siki isipikwe katika chombo cha shaba wala cha aluminiamu, kwa kuwa huyala madini hayo. Chupa na mifuniko iwe safi na mizima, na siki izifunike mboga zote.

Jambo jingine ni nchi yetu yenyewe. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa kwa watu wakaao karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa digrii 100. Hapa kando ya ziwa tuko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, na maji huchemka kabla ya kufika digrii 98. Gitega, palipo juu ya mita 1,500, huchemka karibu na 95. Kwa hiyo achari nyingi za siki ambazo huko chini zatosha dakika 10 za kuchemshwa chupani, hapa zataka 15, na milimani kupita mita 1,800 zataka 20. Mwenye kufuata saa ya watu wa pwani hapa petu, amefunga chupa kabla ya wakati wake.

Chupa iliyofungwa ni amana. Anayeinunua haoni kilichomo ila rangi, amemwamini aliyeifunga. Ikiwa na shaka itupwe, wala mtu asiionje kwa kuijaribu, kwani kuihifadhi nafsi kunatangulia kuihifadhi mali. Kutupa kilicho na shaka ya sumu si israfu. Neno hili nalisema leo kwa maandishi, mbele ya watu wale wale na watoto wao, kwa kuwa lile la kwanza nililisema mbele yao. Shangazi yangu hakusoma kitabu cha Appert wala cha Pasteur. Alipokea kwa mama yake, na mama yake kwa waliomtangulia, mpaka huko kwenye sahani aliyowekewa Ibn Battuta. Elimu hiyo ilikuwa mikononi mwao, nami niliidharau kwa sababu haikuwa na hoja ya maneno.

Namwomba Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe yeye na anisamehe mimi, aibariki kazi ya kina mama wa jumuiya yetu, na ajaalie kila chupa itokayo mikononi mwao iwe riziki ya halali na ya salama. Amin.