Ua Lililosafiri bila Jina Lake: Dughulushi na Istilahi Zake

Katika kazi ya kutafuta istilahi tumezoea kushughulika na vitu vigeni vilivyokuja kwetu vikiwa na majina ya wenyewe. Mara chache hutokea kinyume chake, yaani kitu cha kwetu kimetoka, kikazunguka dunia, kisha kikaturudia katika vitabu na vijikaratasi vya madukani kikiwa na jina la kigeni, na mfasiri akatakiwa akitafutie jina la Kiswahili kana kwamba kimezaliwa ng'ambo. Mfano mmojawapo ni ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani huliita urujuani wa Usambara na Waingereza urujuani wa Afrika, na ambalo wataalamu wa mimea walilijua kwa zaidi ya miaka mia moja kwa jina la Saintpaulia.

Mmea huu ni wa mwitu, na asili yake ni Tanzania na Kenya tu. Hukaa juu ya mawe na katika nyufa za miamba, penye kivuli na unyevu, mara nyingi karibu na vijito. Umeonekana katika milima ya Usambara, Nguru na Uluguru, katika vilima vya Taita, na pia katika miamba ya chokaa isiyo mbali na bahari. Ni mmea wa kudumu: hauoti, ukachanua na kufa katika msimu mmoja, bali huishi miaka mingi pale pale ulipoota. Majani yake ni manene, yenye vinyweleo laini, nayo hujipanga mduara karibu na ardhi.

Historia yake ya kuandikwa ina jambo linaloihusu lugha yetu, na twaona ajabu kwamba halitajwi. Vielelezo vya kwanza vilivyofika kwenye bustani ya Kew, Uingereza, vilipelekwa mwaka 1884 na John Kirk, aliyekuwa balozi wa Kiingereza Unguja, na mwaka 1887 na W. E. Taylor, mmisionari aliyekusanya mimea katika nchi iliyo nyuma ya Mombasa. Taylor huyu ndiye yule yule aliyechapisha mkusanyo wa methali za Kiswahili mwaka 1891, na ambaye juhudi zake zilituhifadhia tungo nyingi za Muyaka bin Haji. Vielelezo hivyo havikutosha kwa wataalamu kuueleza mmea, vikabaki vimehifadhiwa tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliuona tena, akampelekea baba yake huko Ujerumani. Baba akaufikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye akautangaza mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mkuu huyo wa Tanga naye alikuwa ameandika kitabu cha kufundishia Kiswahili, kilichotoka mwaka 1890. Basi ua hili lilipita mikononi mwa watu wawili waliokijua Kiswahili kiasi cha kukiandikia vitabu, na bado likaingia katika orodha za dunia bila neno la wenyeji. Hatuwalaumu kwa hilo peke yao, maana desturi ya wataalamu wa mimea ilikuwa, na hadi leo ni, kutoa jina kwa Kilatini na kumheshimu mwenye kuuleta mmea. Lakini ni vema mfasiri ajue kwamba jina analolitafsiri halina hadhi ya uzawa. Ni jina la safari.

Tena kila jina katika safari hiyo lina kasoro yake. Neno ionantha lina mizizi ya Kigiriki, na maana yake ni mmea wenye maua kama urujuani wa Ulaya. Kufanana huko ni kwa rangi tu, kwa kuwa urujuani wa Ulaya ni wa familia ya Violaceae na huu wetu ni wa Gesneriaceae. Jina la Usambara nalo ni nusu ya kweli. Saint Paul-Illaire mwenyewe alieleza kwamba aliuona mmea mahali pawili: msituni Usambara, na pia katika miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga, mahali palipo chini sana. Ama neno Afrika, ni pana mno kwa kitu kinachopatikana katika sehemu ndogo ya nchi mbili. Mwaka 2015 wataalamu, baada ya kuchunguza nasaba za mimea hii, waliiunganisha jenasi ya Saintpaulia na ile ya Streptocarpus, neno lenye maana ya tunda lililosokotwa. Bahati mbaya, tunda la mmea wetu halikusokotwa hata kidogo.

Huko ng'ambo ua lilistawi. Katika miaka ya 1920 wauza maua wa Los Angeles walichagua aina nzuri kutokana na mbegu zilizotoka Ulaya, na mwaka 1946 chama cha wapandaji wake kiliundwa Marekani. Maelezo mengi ya kilimo chake yameandikwa kwa ajili ya watu hao wanaoulea ndani ya nyumba zenye baridi, na hapo ndipo mfasiri anapokwama. Mpandaji wa Tanga au Nairobi hahitaji kuambiwa jinsi ya kuukinga na theluji. Anahitaji kuambiwa kwamba jua kali la mchana huunguza majani, na kwamba chungu kiwe kidogo na chenye tundu. Udongo uwe mwepesi, uliochanganywa na mboji ya majani, kwani mizizi iliyozoea ufa wa mwamba huoza katika udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Maji yatiwe katika kisahani chini ya chungu, yasimwagiwe juu. Maji ya baridi yakigusa majani huacha mabaka.

Njia ya kuuzalisha yataka uangalifu wa maneno. Muhogo hupandwa kwa pingili na mgomba kwa chipukizi. Mmea huu hupandwa kwa jani: jani zima hukatwa pamoja na kikonyo chake, kikonyo kikachomekwa katika udongo wenye unyevu, na baada ya majuma kadhaa miche midogo hujitokeza chini yake. Tumeona mahali jambo hili limefasiriwa kwa neno mbegu, jambo linalompoteza mkulima kabisa. Jani la kupandia latosha, nalo laeleweka.

Vivyo hivyo katika kueleza hali yake. Kuuita gugu ni kosa, maana gugu ni mmea uotao mahali usipotakiwa, na huu haujamsumbua mkulima yeyote. Ua la mwitu ni sahihi. Kuhusu maneno wa kudumu, mfasiri asisahau kwamba maofisa wa kilimo huyatumia kwa kahawa na minazi. Basi aandike mmea wa kudumu, asiandike zao la kudumu.

Kwa nini watu wa pwani, wenye majina mengi ya maua, hawakulitia hili katika nyimbo na mavazi yao? Twadhani sababu ni harufu. Asumini, kilua, waridi na mlangilangi vilipata majina na sifa kwa kuwa huvaliwa, hutiwa kitandani, hutungwa vikuba. Ua hili halinukii, wala haliota njiani. Hukaa juu ya jiwe msituni, na anayelijua ni yule aingiaye humo. Kwa hiyo jina lake halikutazamiwa kutoka Mombasa au Unguja, bali kwa watu wa milimani.

Jina dughulushi limekwisha kuonekana katika maandishi ya Kiswahili, nasi twaliunga mkono dhidi ya urujuani wa Afrika na dhidi ya saintipolia. Urujuani kwetu ni rangi, na mwanafunzi akisoma urujuani wa Afrika hataona ua bali ataona kitambaa. Saintipolia nayo yaweza kubaki katika masikio ya wauza maua, lakini jenasi iliyoipa nguvu imekwisha kufutwa, na istilahi isiegemee nguzo iliyoondolewa. Mwalimu anayefundisha katika wilaya za Usambara, Nguru, Uluguru au Taita atatusaidia sana akiwauliza wazee na wanafunzi wake jina walitumialo kwao, akaandika na mahali alipolisikia. Majina zaidi ya moja si hasara, maana mimea yenyewe hutofautiana mlima na mlima. Ule wa Taita, kwa mfano, ni spishi ya peke yake na hupatikana kilima cha Mbololo.

Swali hilo lisiahirishwe sana. Misitu ya milima hii imekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mashamba na mbao, na mwamba ukikosa kivuli mmea hukauka. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1997 imelinda sehemu ya makao yake, lakini si yote. Anayetaka kuupanda nyumbani na aombe jani kwa mwenye bustani, asiung'oe mwambani.

Limebaki suala la ngeli. Kwa kufuata waridi na mwaridi, wengine watapenda mdughulushi kwa mmea na dughulushi kwa ua. Sisi hatuoni haja. Ua hili halichumwi likatengwa na mmea wake. Hukuzwa, huuzwa na hutazamwa pamoja na majani yake. Dughulushi moja, dughulushi nyingi, katika ngeli ya I-ZI, latosha kwa vyote viwili. Katika maandishi ya kitaalamu lifuatiwe na jina la Kilatini lililo hai sasa, Streptocarpus ionanthus, na la zamani litajwe mara moja tu, ili msomaji wa vitabu vya kabla ya mwaka 2015 asipotee.