Diski Nzima, Sauti Bubu

Skrini iliniuliza kama niko tayari kufuta kila kitu kilichomo kwenye diski. Ilikuwa saa saba usiku. Windows 10 ilikwisha kuachwa bila matengenezo tangu Oktoba 14, 2025, na laptopu yangu kuukuu haikukidhi masharti ya toleo lililofuata, hivyo nilikuwa nahamia Ubuntu. Ndani ya diski mlikuwa na tasnifu yangu na saa nne za sauti ya bibi, niliyemrekodi mwaka mmoja kabla hajafariki.

Flashi yenye nakala ilikuwa mezani. Nikadhani hiyo inatosha, mpaka nilipokumbuka habari ya Domesday.

Mwaka 1085 Mfalme William wa Kwanza aliamuru mali ya Uingereza iorodheshwe: mashamba, mifugo, vinu. Mwaka uliofuata orodha ilikuwa tayari, imeandikwa kwa mkono kwenye ngozi, kwa Kilatini. Karne tisa baadaye, mwaka 1986, BBC iliadhimisha kitabu hicho kwa kutengeneza Domesday ya kompyuta. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wao watoto wa shule, wakieleza maisha ya vijiji na mitaa yao. Kazi yao ikawekwa kwenye diski mbili kubwa za leza, zilizohitaji kompyuta ya Acorn na mashine maalumu ya Philips.

Haikupita hata miaka ishirini. Diski zilikuwepo, lakini mashine za kuzisoma zilikuwa zimeadimika. Ilibidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan, kupitia mradi wa CAMiLEON, waunde programu ya kuifanya kompyuta mpya iige ile ya zamani. Mwaka 2002 walionyesha kwamba inawezekana. Wakati huohuo, kile kitabu cha ngozi kiliendelea kusomeka na yeyote ajuaye Kilatini.

Watoto wale hawakufutiwa chochote. Maneno yao yalikuwa salama, ila hayakuwa na wa kuyasoma.

Nikaghairi. Kesho yake nilichukua flashi hadi kwa rafiki anayetumia Ubuntu, nikafungua faili moja baada ya nyingine. Tasnifu ilifunguka, majedwali yakiwa yamesogea kidogo. Picha hazikuwa na neno. Lakini rekodi za bibi, zilizotoka kwenye simu ya zamani kwa muundo wa AMR, zilikaa kimya.

Nilirudi nyumbani nikazigeuza zote kuwa WAV, maadamu programu ya kuzifungua bado ninayo. Nikahifadhi pia zile za asili. Nakala moja nikaiweka kwenye diski ya nje, nyingine nikampelekea dada. Kisha nikarudi kwa rafiki, nikavaa spika za masikioni.

Bibi akakohoa, akauliza kama nimeshakiwasha hicho kidude.

Usiku ule nikabonyeza kitufe cha kufuta.